Umeme ulipoingia kwenye esanse: historia fupi ya injekta

Hapa kwetu Mokambo, gari ikianza kukohoa kwenye barabara ya Mufulira, wengi husema mara moja: injekta imekufa, nunua nyingine. Kwa familia iliyokimbia vita ikabaki na teksi moja tu ya kutafutia chakula, maneno hayo yanaweza kumaliza akiba yote. Historia ya kifaa hiki inatufundisha tusiharakishe.

Zamani injekta haikuhitaji umeme. Bert Shankland, mkaaji wa Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Esanse yake ilisukumwa na pampu iliyozungushwa na motere yenyewe.

Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa D-Jetronic, kwanza katika Volkswagen 1600. Sheria za moshi wa magari kule California, Marekani, ndizo zilizouharakisha. Tangu hapo sanduku la umeme ndilo linaloamuru injekta ifunguke lini na kwa muda gani.

Tuangalie magari ya mbio ya Datsun. 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 na 1973, ilitumia kabureta. Ndugu yake 280Z, iliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1975, ilipewa injekta 6 za umeme. Leo plastiki ya waya zake imezeeka na vichwa vya kuunganishia vimeshika kutu. Mara nyingi injekta ni nzima. Njia ya umeme ndiyo imekatika.

Ndani ya injekta kuna bobini inayovuta sindano. Waya mmoja unaleta volti 12 za batri; wa pili unaenda kwenye sanduku, ambalo linaufungia na kuukatia masi. Fundi akijua hilo, anapima kwa utaratibu.

Kwanza anasikiliza. Motere ikizunguka, anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injekta na sikio kwenye mpini: kila moja ilie tik-tik. Ikiwa moja iko kimya, anachomoa kichwa cha waya na kuchomeka ampuli ndogo ya kupimia. Ikiwaka na kuzimika wakati motere inazungushwa, waya ni mzima. Hapo ndipo injekta yenyewe inapimwa. Isipowaka, anatafuta volti 12, kisha fizibli, relei na waya za masi.

Zikinyamaza zote pamoja, si rahisi zife siku moja. Katika 280Z, sanduku hupata ishara kutoka bobini ya kuwashia moto. Ishara ikikatika, injekta zote 6 zinalala.

Injekta za 280Z zina omu 2 hadi 3 tu, kwa hiyo zilifungwa pamoja na vizuizi vya umeme. Nyingi za magari ya baadaye zina omu 12 hadi 16. Usiunganishe injekta na batri moja kwa moja: bobini itaungua. Na usipime karibu na esanse iliyomwagika.

Magari mengi ya esanse yanayotufikia kutoka Japani kupitia Dar es Salaam na Zambia yanafuata kanuni ileile. Kabla ya kutoa pesa, muulize fundi: umeme umefika? masi imefika? Asipoweza kujibu, bado hajapima.