Saa Mbili Katika Boriti Moja

Msomaji, jua la adhuhuri haliwi utosini Mombasa na Voi kwa wakati mmoja. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii 1 kwa kila dakika 4. Voi iko magharibi ya Mombasa kwa digrii 1 na kitu kidogo. Kwa hiyo adhuhuri yake hufika nyuma kwa dakika 4 na ushei. Abiria wa gari la moshi hakuhisi tofauti hiyo, kwa kuwa vituo vyote vilifuata saa moja. Bali kwa baharia wa zamani, tofauti hiyo ilikuwa uhai wake.

Baharia aliyechukua saa yenye wakati wa bandari aliyotoka aliilinganisha na jua la mahali alipo, akajua amekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Lakini saa hiyo ikikosea dakika 4 na nusu, angekuwa kama mtu adhaniaye yuko Mombasa, kumbe yuko Voi. Baharini, kosa la namna hiyo lilipeleka merikebu miambani.

Shida hiyo ilimshughulisha sana Christiaan Huygens, mtaalamu wa Uholanzi. Mwaka 1656 alibuni saa inayoongozwa na timazi, yaani uzito unaoning'inia na kuyumba kwa mwendo usiobadilika. Kwa safari za baharini aliandaa saa mbili, ili moja ikisimama nyingine iendelee. Februari 1665, akiwa mgonjwa kitandani, alizitazama saa hizo zikiwa zimetundikwa katika boriti moja, akastaajabu. Timazi moja ilipokwenda kulia, ya pili ilikwenda kushoto, wala hazikupotezana hata kidogo. Alipozivuruga kwa makusudi, zilirudia mwendo wao katika muda wa nusu saa hivi. Alipozitenga mbalimbali, zikaanza kuachana kwa sekunde chache kila siku.

Kwanza Huygens alidhani kwamba hewa ndiyo iliyozipatanisha. Alipochunguza zaidi akaona sivyo. Mpatanishi alikuwa ile boriti: kila timazi iliitikisa kidogo mno, pasipo kuonekana kwa macho, na mtikisiko huo ukaifikia mwenziwe.

Waweza kudhani kwamba wataalamu walishangilia. La, kwa mabaharia hiyo ilikuwa habari mbaya. Saa iliyogeuzwa mwendo na mtikisiko mdogo wa boriti ingestahimili vipi mawimbi ya bahari? Na kweli, saa ya baharini iliyofaulu, ambayo John Harrison wa Uingereza aliimaliza mwaka 1759, haikuwa na timazi. Iliongozwa na gurudumu dogo linalogeuka huku na huku.

Hata hivyo, ila ile haikutupwa. Karibu na mwaka 1780, Antide Janvier wa Ufaransa alitengeneza saa zenye timazi mbili kwa makusudi. Abraham-Louis Breguet alimfuata, akaitia kanuni hiyo hata katika saa za mfukoni, kwa kuweka magurudumu mawili karibukaribu juu ya bamba moja. Mwaka 2000 François-Paul Journe alitoa saa ya mkononi ya namna hiyo, yenye thamani kubwa. Shabaha ya mafundi hawa ni kwamba msukosuko unaoiharakisha sehemu moja uicheleweshe ya pili, kisha zirudishane katika mwendo wa kati. Lakini sharti magurudumu yawe yamekwisha kusawazishwa hata yakaribiane sana; bamba haliwezi kupatanisha yaliyoachana mno.

Jaribu mwenyewe. Funga kamba ya mkonge, zao la Mwatate na Voi, baina ya madawati mawili, wala usiikaze sana. Ning'iniza mawe mawili yenye uzito sawa, kwa nyuzi za urefu mmoja. Lisukume moja mbele, si upande kuifuata kamba. Baada ya kitambo la pili litaanza kuyumba na la kwanza litatulia. Kisha mwendo utarudi kwa la kwanza. Mawe haya hayatapatana kama saa za Huygens, maana hayana mtambo wa kuyatia nguvu daima. Lakini utaona kwa macho yako kazi ambayo boriti ile iliifanya kwa siri.

Huygens alitafuta saa ya kuokoa merikebu, akakutana na kasoro. Hakuificha, bali aliiuliza sababu yake, akaandika alichokiona. Kwa ajili hiyo mafundi waliokuja zaidi ya miaka mia baada yake walipata mahali pa kuanzia.