Tyubu Sio Kila Kitu: Kutoka Copenhagen Hadi Londiani

Wadau, watu wa Kericho wengi bado wanakumbuka walikuwa wapi jioni ya Juni 30, 2023. Lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction, likagonga magari, abiria na wachuuzi wa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Tangu siku hiyo, ajali ikitokea huku kwetu nasikia wimbo ule ule: "Tunataka ambulensi za kisasa, zenye mitambo!" Mimi nakubali nusu. Nusu ile nyingine ndiyo ya leo.

Majeruhi hauawi na damu peke yake. Akizimia, ulimi na misuli ya koo hulegea, njia ya hewa inaziba, na dakika chache tu zinatosha kuharibu ubongo. Mhudumu ana njia tatu kuu. Kwanza, kusukuma taya mbele na kumpa hewa kwa mfuko wa kubonyeza wenye barakoa. Pili, kifaa kinachokaa kooni juu ya tundu la bomba la hewa. Tatu ni ile ya kwenye filamu: tyubu inayopita katikati ya nyuzi za sauti hadi ndani ya bomba lenyewe.

Tyubu sio ya juzi. William Macewen, daktari wa Glasgow, aliandika kuihusu mwaka 1880, kabla reli yetu haijaanza kujengwa. Lakini kisa ninachokipenda ni cha Copenhagen, 1952. Polio ilipoozesha misuli ya kupumua, na mashine hazikutosha. Daktari Bjørn Ibsen akaonyesha kwamba mgonjwa akitobolewa shingo anaweza kupewa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa chuo wakaja kwa zamu, mchana na usiku, wakibonyeza mifuko. Vifo vikashuka sana. Mimi niliacha chuo, lakini hao nawavulia kofia. Mwaka 1956 ukaja mfuko unaojijaza wenyewe, kazi ya Hesse na Ruben wa Denmark. Mwaka 1981, Archie Brain wa London akabuni barakoa ya kukaa kooni.

Sasa, tyubu inashinda? Mwaka 2000, utafiti wa California wa watoto 830 ulionyesha kuwa tyubu haikuokoa zaidi ya mfuko. Mwaka 2018, Uingereza ililinganisha tyubu na kifaa cha kooni kwa wagonjwa zaidi ya 9,000 ambao moyo ulisimama wakiwa nje ya hospitali: baada ya siku 30, hakuna tofauti ya maana. Marekani, mwaka huo huo, waliowekewa kifaa cha kooni na kuwa hai baada ya saa 72 walikuwa asilimia 18.3, wa tyubu, 15.4.

Ndiyo, tafiti hizo mbili za 2018 ni za moyo, sio za ajali. Na aliyeungua koo likavimba, huenda tyubu ndiyo itamwokoa. Lakini tyubu inataka mkono uliozoea. Ikiingia kwenye njia ya chakula na mtu asigundue, umemuua mgonjwa kwa kifaa cha bei.

Mwaka jana boda iliteleza karibu na kituo chetu cha kuuzia majani chai. Tulimrusha kijana kwenye pikapu, chali, akikoroma. Tulidhani amelala. Kumbe kule kukoroma ni koo linaloziba! Alipona, lakini ni kwa neema tu. Hakuna kati yetu aliyejua kumsukuma taya bila kupinda shingo.

Kwa hivyo kabla ya kupigia makofi ambulensi mpya, tuulize: aliye ndani amefanya mazoezi lini? Na wanaofika kwanza, yaani watu wa boda, wachumaji chai, walimu, nani amewafunza? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwangu mimi, haki hiyo haianzii kwenye geti la hospitali. Inaanzia hapo barabarani, kwenye ile pumzi ya kwanza.