Kidato, Guni na Tasa

Kidato ni ule mkato unaochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Watu wa Mikumi, mji wa Tanzania wenye jina la miti ya jamii hiyohiyo, hawahitaji ufafanuzi. Shuleni nako, darasani mtu hukaa, kidato hukikwea.

Chini kabisa pana KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto wa darasa la kwanza hujifunza kuhesabu. Akifika la tatu, anasoma Hisabati. Shina moja la Kiarabu, vyeo viwili: hesabu ya sokoni Kilosa, na hisabati ya mtihani.

Kwenye sehemu, namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Asilimia basi inajieleza yenyewe: sehemu ambayo asili yake ni mia. Anayesema “pasenti” ameyatupa maelezo hayo yote.

Kiasi kikiizidi asili, kama 7/4, tunapata sehemu guni. Washairi wanalijua guni: shairi lililopotoka vina au mizani. Aliyelihamishia kwenye hesabu alikuwa na sikio, ingawa 7/4 haina kasoro yoyote, imefurika tu. Nalitetea hata hivyo, kwa uzuri wake.

Shufwa na witiri, majina ya namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika, yabaki. Aliyewahi kusali witiri anaijua rakaa isiyo na mwenzake.

Tasa ndiyo inayonikera. Eti 2, 3 na 5 ni tasa kwa kuwa hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe! Lakini 60 imetoka wapi kama si kwa 2 × 2 × 3 × 5? Kila namba kubwa kuliko moja isiyo tasa ni uzao wa hizo zinazosingiziwa utasa. Napendekeza namba shina.

Kidato cha kwanza, Kiingereza kinashika chaki. Magazijuto (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), neno la mpangilio wa matendo, tamu kama jina la kitongoji, linaipisha BODMAS, mwenzake wa Kiingereza, ambayo O yake hubishaniwa hadi leo.

Kabla ya hapo lipo la kurekebisha. Kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Irabu moja tu imetenganisha kupanda na kushuka! Walimu tarajali wa Chuo cha Ualimu Ilonga, hapo Kilosa, wajaribu kuita kipeuo mzizi. Mzizi wa pili wa 49 ni 7: hata aliyekaa dawati la nyuma hatasikia kipeo.