Asali Mwenyeji, Ndimu Mgeni: Historia ya Dawa ya Kikohozi Jikoni

Dawa ya kikohozi inayopikwa majumbani katika pwani ya Afrika Mashariki haina kipimo kimoja, lakini vitu vyake havibadiliki sana: tangawizi iliyopondwa, maji ya ndimu au limau, asali, punje chache za karafuu au pilipili manga, na kwa wengine kitunguu saumu. Hutokoswa, huchujwa, hunywewa ingali moto kabla ya kulala. Mikahawa ya Nairobi huuza mchanganyiko wa tangawizi, limau na asali kwa jina la "dawa" tu, na anayeagiza si lazima awe mgonjwa. Wengi huihesabu kuwa tiba ya asili ya Mwafrika. Kila kimoja kikifuatiliwa kilikotoka, hata hivyo, hadithi huwa nyingine: karibu vyote vilishuka majahazini, na mwenyeji ni asali peke yake.

Asali ilikuwepo kabla ya yeyote kupanda chochote. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hadi leo humfuata ndege anayewaonyesha mzinga ulipo, nao Waogiek wa msitu wa Mau, nchini Kenya, wamejulikana kwa urinaji kwa vizazi vingi. Katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi mizinga ya magogo na magome bado huning'inizwa juu ya miti, na asali yake husafirishwa hadi masoko ya Dar es Salaam. Wajuzi huitenga asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo ni nyepesi, ina uchachu kidogo na bei yake ni kubwa. Hiyo ndiyo hasa huwekwa kabatini kwa ajili ya kifua. Nje ya eneo hili pia asali ni dawa kongwe. Hati ya Misri ijulikanayo kama Papiri ya Ebers, iliyoandikwa takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, inaitaja katika dawa nyingi. Uislamu nao uliiongezea heshima, kwa kuwa Qurani, katika Sura ya An-Nahl, inasema kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu.

Tangawizi haijulikani kuota mwituni popote. Ni mmea uliolelewa na watu wa kusini na kusini-mashariki mwa Asia tangu zamani sana, na huenezwa kwa kupanda kipande cha shina lake la chini ya ardhi. Hapana budi ibebwe na mtu. Ndimu na limau nazo asili yake ni pande hizohizo za Asia, na Waarabu ndio waliozisambaza kuelekea magharibi. Ushahidi mzuri wa kufika kwa vitu hivi pwani ni safari ya msafiri Ibn Battuta ya mwaka 1331. Mogadishu alikaribishwa wali uliosindikizwa na malimau ya achari, pilipili ya siki, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa akakuta ndizi, malimau na mabalungi. Karibu miaka 700 iliyopita, basi, nusu ya kikombe cha leo ilikuwa tayari mezani, ila ikiwa kitoweo.

Kilichogeuza kitoweo kuwa dawa kwa utaratibu maalumu ni elimu ya tiba iliyosafiri na vitabu vya Kiarabu. Msingi wake ulikuwa wa Wagiriki, nao ukapangwa upya na mabingwa kama Ibn Sina, aliyekamilisha Al-Qanun fi al-Tibb takriban mwaka 1025. Kwa elimu hiyo mwili huendeshwa na viowevu vinne, kimojawapo balghamu, chenye ubaridi na unyevu. Kifua kikijaa makohozi, baridi imezidi; dawa yake ni kitu cha moto. Moto huo si wa jikoni bali wa tabia ya chakula: tangawizi, pilipili manga, mdalasini na habasoda ni vya moto, ilhali maziwa mabichi na tango ni vya baridi. Waswahili wengi wanaomkataza mtoto mwenye mafua kunywa maji ya barafu hawajawahi kulisikia jina la Ibn Sina, lakini wanafuata hesabu yake. Nadharia yenyewe imekwisha kuachwa na sayansi, lakini haikuwa ya kipuuzi: iliwapa watu sababu ya kuchagua hiki na kuacha kile, na uchaguzi mwingi haukuwa na madhara.

Mwaka 1498 baharia Mreno Vasco da Gama alitia nanga Mombasa akiwa na mabaharia walioumwa na kiseyeye. Mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona, na mwandishi wa kumbukumbu za safari hiyo akaishukuru hewa nzuri ya Mombasa. Tunda walilokula halikupewa sifa hata kidogo. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kila mtu anapotaja kilichomponya, maana kikohozi cha mafua huisha chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili au tatu, na kitu kilichonywewa mwishoni ndicho huchukua sifa.

Karafuu ndiyo mgeni wa karibuni zaidi, ingawa leo haitenganiki na jina la Zanzibar. Kwa karne nyingi ilitoka visiwa vya Maluku pekee, katika Indonesia ya sasa, na Waholanzi waliilinda kwa ukali. Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche, ikafika Mauritius mwaka 1770. Kutoka mashamba ya Wafaransa ya visiwa vya Bahari ya Hindi, Mwarabu wa Oman aitwaye Saleh bin Haramil anatajwa kuwa ndiye aliyeileta Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Sayyid Said bin Sultan akaamuru ipandwe kwa wingi, na mashamba yakafanywa kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya miti ya Unguja. Pemba ikasalimika zaidi na kuwa kisiwa cha karafuu hadi leo. Kwa mashamba hayo karafuu ikawa rahisi kiasi cha kutiwa katika birika la mtu wa kawaida, au kumumunywa punje moja koo linapowasha. Mafuta yake yana yujenoli, kemikali inayotia ganzi kidogo, na ndiyo maana madaktari wa meno huitumia. Wawi, karibu na Chake Chake, kipo kiwanda kinachokamua mafuta hayo kutoka kwa makonyo.

Dawa nyingine ya kikohozi, manjano katika maziwa ya moto, ni desturi ya majumba ya Kihindi, iliyoenea kwa majirani kupitia maduka na majiko ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Kitunguu saumu, chenye asili Asia ya Kati, kilikuwa dawa ya kikohozi tayari katika maandishi ya Mgiriki Dioscorides, karne ya kwanza.

Dawa za kiwandani nazo zina historia yake, na si yote ya kujivunia. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi, ikaacha kuitengeneza mwaka 1913 baada ya uraibu wake kudhihirika. Hakuna tangawizi iliyowahi kumfikisha mtu huko. Mwaka 2022 zaidi ya watoto 60 wa Gambia walikufa kwa kuharibika figo, na Shirika la Afya Duniani likatahadharisha kuhusu dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na sumu ya diethilini glikoli. Shirika hilohilo, katika waraka wake wa mwaka 2001 kuhusu dawa za kikohozi kwa watoto wadogo, liliunga mkono vitu salama vya nyumbani vya kulainisha koo.

Janga la korona lilikipandisha chati kikombe cha nyumbani. Mwaka 2020 bei za tangawizi na malimau zilipaa masokoni Tanzania, watu wakajifukiza kwa majani ya mkaratusi, mti uliotoka Australia, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikatoa dawa ya mitishamba iliyoitwa NIMRCAF. Wakulima wa tangawizi wa milima ya Upare, wilayani Same, walipata soko ambalo halikudumu. Hapo tiba ya nyumbani ilitwishwa mzigo usio wake: kulainisha koo ni jambo moja, kuzuia kirusi kisiue ni jingine.

Majaribio ya kisayansi yamempendelea mwenyeji. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, waliwalinganisha watoto 105 wenye kikohozi cha usiku. Waliopewa asali walipata nafuu zaidi kuliko wasiopewa kitu. Dextromethorphan, dawa maarufu ya kutuliza kikohozi, haikuonyesha tofauti ya maana na kutopewa kitu. Mwaka 2012 huko Israeli watoto 300 walipewa ama asali ama shira ya tende kabla ya kulala: wote walipata nafuu, wa asali zaidi. Mwaka 2018 mwongozo wa tiba wa Uingereza ukaitaja asali kwa kikohozi cha ghafla. Tangawizi bado haijafika hapo. Maabara zimeonyesha inalegeza misuli ya njia ya hewa, lakini majaribio kwa wagonjwa wa kikohozi ni haba. Joto la kinywaji lenyewe lina kazi. Utafiti mdogo wa Cardiff wa mwaka 2008, uliohusisha watu 30, uliona kuwa sharubati ya matunda ikinywewa moto hutuliza pia koo, baridi ya mwili na uchovu. Ikinywewa bila kupashwa hutuliza mafua, chafya na kikohozi tu.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ikichemshwa. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na mbegu hizo hazifi katika maji yanayochemka. Utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu inayopooza misuli. Anayekohoa damu, anayepumua kwa shida au anayekohoa kwa wiki mbili na zaidi aende hospitali, kwa sababu kifua kikuu hakiponi kwa kitu chochote cha jikoni. Kipimo chake na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali, Tanzania na Kenya.