Chura, Sungura na Kikaratasi: Nani Aijue Mimba Kwanza?

Soma habari za magazeti yetu kuhusu mimba za wanafunzi, utakutana na kitenzi kimoja tena na tena: kugundulika. Binti fulani aligundulika kuwa na ujauzito. Wanafunzi kadhaa waligundulika. Kama vile ni magendo yaliyokamatwa kizuizini. Mke wa mtu hagunduliki hivyo. Yeye anajihisi, anahesabu siku zake, anajipima, kisha anachagua mwenyewe ni jioni gani amwambie mume na ni mwezi gani amwambie mama mkwe. Wapo wanaokaa kimya hadi tumbo litokeze, kwa kuogopa husuda, na hata nguo za mtoto hawanunui mapema; khanga kuukuu za bibi ndizo zinazosubiri kabatini.

Kupimwa na kujipima. Herufi mbili tatu zimehama, lakini umbali kati ya maneno hayo mawili ni mrefu, na historia yake imepita sehemu ambazo msomaji huenda hakuzitarajia: shamba la shayiri, banda la sungura, na beseni la chura wa Afrika Kusini.

Leo kipimo chenyewe ni kikaratasi tu. Unaingia duka la dawa, unasema kwa sauti ya chini, na muuzaji mwenye akili anakuwa ameshakifunga ndani ya karatasi nyingine kabla hujamaliza sentensi. Unachovya kwenye mkojo wa asubuhi, unasubiri dakika chache. Mstari mmoja, huna. Miwili, unayo. Ni kitu kidogo mno kiasi kwamba tunasahau kuwa bibi zetu hawakuwa nacho kabisa, na kwamba swali la "ninayo au sina?" kwa miaka maelfu lilijibiwa na muda peke yake.

Wamisri wa kale walijaribu kuuharakisha huo muda. Katika maandishi yao ya tiba kwenye mafunjo, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, mwanamke anaelekezwa akojolee ngano na shayiri kila siku. Zikiota, atazaa. Zisipoota, hatazaa. Na nafaka itakayotangulia kuota ingesema kama ni wa kiume au wa kike. Ukisoma unacheka, lakini mwaka 1963 watafiti wa Cairo walilirudia jaribio hilo kwa makini, wakakuta kwamba mkojo wa wajawazito uliruhusu mbegu kuota katika karibu asilimia 70 ya majaribio, na mkojo wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba haukuruhusu. Habari ya jinsia ya mtoto, hapana, hiyo ilikuwa kubahatisha. Mimi kinachonivutia zaidi si asilimia. Ni kwamba hapo ngano ni yake, mkojo ni wake, na anayekwenda kutazama asubuhi kama mbegu zimechipua ni yeye.

Baada ya hapo, kwa karne nyingi, ushahidi uliotegemewa ulikuwa mmoja: mtoto kucheza tumboni. Na hilo, hata mfalme hawezi kulihisi kwa niaba ya mama. Uingereza sheria yenyewe iliegemea hapo. Mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa aliweza kusema mbele ya hakimu kwamba ana mimba, na hakimu aliita jopo la wanawake watu wazima waingie naye chumbani wamkague. Wakisema mtoto amekwisha kucheza, kamba ilisubiri hadi ajifungue. Utaratibu huo wa ajabu uliondolewa rasmi mwaka 1931 tu. Hebu fikiria: enzi ya redio na ndege, na bado sheria ya dola kubwa ilikuwa na nafasi ya kina mama kumi na wawili wanaopapasa tumbo.

Lakini kufikia mwaka huo mambo yalishaanza kubadilika huko Berlin. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, madaktari wa hospitali ya Charité, walitangaza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba mkojo wa mjamzito una kitu kinachoamsha ovari za panya mchanga ambaye bado hajapevuka. Kitu hicho ni homoni tunayoiita leo hCG, na ndiyo hiyo hiyo inayopaka rangi mstari wa pili wa kikaratasi. Utaratibu wao ulikuwa wa kuchosha. Panya kadhaa wadogo wanadungwa mkojo mara kadhaa, wanasubiriwa, wanauawa, wanapasuliwa, ovari zinaangaliwa. Jibu lilikuja baada ya siku kama tano. (Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933, mabwana hawa wawili, wote Wayahudi, walilazimika kuondoka. Aschheim alikwenda Ufaransa. Zondek alipitia Sweden na kuishia Jerusalem. Nchi iliyofukuza waliowapa wanawake jibu la mapema, yenyewe ilikuwa na shauku kubwa sana ya kuwahesabia wanawake hao mimba.)

Marekani, Maurice Friedman na mwenzake walimbadilisha panya kwa sungura mnamo 1931. Hapo ndipo Wamarekani walipopata msemo wao wa "sungura amekufa", wakimaanisha fulani ni mjamzito. Msemo wenyewe ni kosa. Sungura alikufa kila mara, mimba iwepo isiwepo, kwa sababu ilibidi apasuliwe ndipo aonekane ndani.

Chura ndiye aliyewaokoa hao sungura, na chura huyo ni wa kwetu, wa bara hili. Lancelot Hogben, mwanazuolojia Mwingereza, alifika Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1927 na kukuta madimbwi yamejaa chura mmoja laini, bapa, mwenye makucha kwenye miguu ya nyuma: Xenopus laevis. Alikuwa akichunguza tezi, si uzazi wa binadamu. Alipomdunga chura jike dutu iliyotoka kwenye tezi ya ubongo ya ng'ombe, chura alitaga mayai. Hogben aliondoka Cape Town mwaka 1930, huku siasa za ubaguzi zikiwa zimemchosha, lakini chura alibaki, na watafiti wawili wa hapo hapo, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, wakakamilisha kazi: ukimdunga jike mkojo wa mjamzito chini ya ngozi, kabla siku haijaisha utakuta mayai ndani ya maji, yanaonekana kwa macho bila darubini. Nani hasa alikuwa wa kwanza? Waliligombania hilo kwa miaka mingi kwenye majarida, na sioni faida ya kuamua ugomvi huo hapa.

Uzuri wa chura ni kwamba hafi. Anapumzishwa wiki kadhaa, anatumika tena. Basi chura wa Cape wakaanza kusafirishwa kwa maelfu, wakiwa hai, kwenda hospitali za Ulaya, Marekani na kwingineko, kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Mwanamke wa Scotland au wa New York ambaye alitaka kujua kama atazaa alijibiwa na kiumbe kilichovuliwa kwenye dimbwi la Afrika Kusini. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuandika riwaya ya Kiswahili kuhusu hilo. Sisi wenyewe tuna chura wa Kihansi kule Udzungwa ambaye hatagi kabisa, anazaa watoto hai, kwa hiyo kisa cha chura na mimba kingetufaa sana.

Sasa, angalia jambo moja. Panya, sungura, chura: wote waliishi maabara. Kituo cha kupima mimba cha Edinburgh, kilichofunguliwa mwaka 1929, kilipokea chupa za mikojo kwa posta, nacho kilishughulika na madaktari. Jibu lilirudi kwa daktari, na daktari aliamua amwambie nani na lini. Na kila daktari alikuwa na mizani yake: huyu ana sababu ya kitabibu, yule ana udadisi tu. Udadisi! Mwanamke kutaka kujua kilichomo tumboni mwake kuliitwa udadisi. Sayansi ilileta jibu la mapema kuliko wakati wowote, na papo hapo ikalipeleka mbali na mwenye swali. Yule Mmisri na ngano zake alikuwa karibu zaidi.

Mwaka 1960, Leif Wide na Carl Gemzell wa Sweden walivumbua njia isiyohitaji mnyama: mkojo unachanganywa na kemikali kwenye mrija wa kioo, na mtandao wa chembechembe chini ya mrija unasema ndiyo au hapana. Chura wakapumzika. Maabara zikaendelea kama kawaida.

Kisha anaingia Margaret Crane, ambaye ningependa wasomaji walijue jina lake kama wanavyoyajua majina ya waandishi. Mwaka 1967 alikuwa na miaka 26, mchoraji wa matangazo na vifungashio, ameajiriwa na kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey kufanya kazi za vipodozi. Siku moja alipita maabara akaona safu ya mirija imening'inia juu ya kioo cha kujitazamia. Akauliza ni nini. Akaambiwa ni vipimo vya mimba vya madaktari: duara jekundu likionekana kwenye kioo, mama ni mjamzito. Crane hakuwa mwanasayansi, na nadhani ndiyo maana aliona kile ambacho wenye maabara hawakukiona. Alijiuliza kwa nini mwanamke asifanye hivyo nyumbani kwake. Akaenda, akachukua kijisanduku cha plastiki cha kuwekea vibanio vya karatasi kilichokuwa mezani pake, akaweka mrija juu na kipande cha kioo chini.

Wakubwa walikataa. Wateja wao walikuwa madaktari, wangewapitaje? Na je, msichana akiona jibu peke yake, bila mtu mzima kando, akajidhuru? Hoja ya pili inasikika ya huruma, lakini ichunguze vizuri: inadhani kwamba hatari ni kujua, si kile ambacho wengine watamfanyia wakishajua.

Wazo lilipopata nguvu hatimaye, waliitwa wabunifu wanaume. Walileta visanduku vyenye maua na vito, eti ndivyo wanawake wanavyopenda. Crane aliweka chake mezani bila kualikwa. Mtu wa matangazo aliyeletwa kwenye kikao, Ira Sturtevant, alikichagua hicho (na baadaye waliishi pamoja maisha yao yote, kama mnapenda mapenzi kwenye historia). Hataza ilitoka kwa jina la Crane, lakini aliuza haki zake kwa kampuni kwa dola 1, na amesema hata hiyo hakuipata. Kipimo, kwa jina la Predictor, kilianza kuuzwa Canada mwaka 1971 na kufika madukani Marekani miaka michache baadaye. Kielelezo kile cha plastiki kilipigwa mnada mwaka 2015 kwa dola 11,875, na sasa kiko kwenye makumbusho ya taifa huko Washington.

Kilichobadilika hapo si kemia. Kilichobadilika ni mpangilio wa watu: kwanza yeye, kisha atakaowachagua. Kati ya kujua na kusema kunaingia wiki kadhaa zilizo mali yake. Katika wiki hizo mtu anaacha pombe, anaanza kliniki kabla ya wiki ya 12 kama wataalamu wanavyoshauri, anapata vidonge vya kuongeza damu, anatafuta shangazi wa kumweleza, anapiga hesabu ya kodi ya nyumba. Maandalizi ya mtoto huanza hapo, siyo kwenye beseni na nepi.

Na sasa turudi kwenye kile kitenzi. Kwa Tanzania Bara, kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu kumwondoa shuleni mwenye kosa dhidi ya maadili, na mimba ikasomwa kuwa kosa hilo. Ili kumwondoa, ilibidi kwanza ijulikane. Ripoti za watetezi wa haki zimeeleza jinsi wasichana walivyopimwa kwa mkumbo: wengine wakibonyezwa tumbo, wengine wakipewa vikopo vya mkojo, bila kuulizwa kama wanakubali. Kikaratasi ni kile kile kinachouzwa dukani. Ila jibu lilikwenda ofisi ya mwalimu mkuu, na binti akawa wa pili au wa tatu kulijua, mama yake wa nne. Zile wiki kadhaa, ambazo Crane alizipigania bila kujua kuna shule iitwayo hivi au vile Tanzania, ziligeuka saa moja: kukojoa, kuitwa, kufungasha. Mvulana aliyehusika, kama alikuwa dawati la nyuma, hakuombwa kikopo.

Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alisisitiza hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi shule. Novemba 2021, miezi minane baada ya kifo chake, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanaweza kurudi wakishajifungua, na waraka ukatolewa. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini kurudi ni habari ya baada ya kujifungua. Foleni ya vikopo ni habari ya wiki ya sita au ya nane, wakati binti mwenyewe bado hajajua ana nini, wala hajapata wa kumuuliza. Mtoto aliyekuwa tumboni mama yake alipofukuzwa mwaka 2003 ana miaka ishirini na ushee sasa. Wengi wa waliozaliwa baada yake wako madarasani hivi leo, baadhi yao katika shule zile zile walikofukuzwa mama zao.