Mvua ya Ng'ambo
Babu yangu aliswaga ng'ombe kutoka Usukuma hadi Mpanda miaka ya 1980, akitafuta malisho. Huku Katavi bado wapo wanaotuita wavamizi wa misitu. Nilipoanza shahada ya uzamili ya historia nikakutana na takwimu zilizoniuma: Mwanza hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria hilohilo, karibu 2,000. Upepo wa kusini-mashariki huvuka maji, hubeba unyevu, huumwaga upande wa magharibi. Kule Wahaya walitulia na migomba yao. Sisi tukafuata nyasi. Nilimweleza babu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, huo upepo hauna zamu?"