Hologramu: mpiga jazz wa Kanada na picha za mwanga

Michael Snow (1928–2023) alikuwa mpiga piano na tarumbeta jijini Toronto, Kanada. Jazz yake si ile ya Tabora Jazz au Morogoro Jazz, ambayo kwetu ni dansi. Yeye alifuata jazz ya Marekani. Alikuwa pia mchoraji na mtengeneza filamu, na mwaka 1986, kwenye maonyesho ya dunia ya Vancouver, aliweka onyesho kubwa la hologramu.

Hologramu hutengenezwaje? Rusha mawe mawili ziwani maji yakiwa shwari, utaona viwimbi vikikutana na kuingiliana. Mwanga wa leza nao ni mawimbi. Hugawanywa mara mbili: sehemu moja hugonga kitu kwanza, nyingine huenda moja kwa moja kwenye filamu. Filamu hunasa pale mawimbi yanapoingiliana. Ikimulikwa, kitu huonekana kina mbele na nyuma. Ukisogeza kichwa unaona ubavu wake. Picha ya simu haikupi hilo, hata uikodolee macho vipi.

Aliyevumbua mbinu hii ni Dennis Gabor, mwaka 1947, kabla leza haijapatikana. Alipewa Nobeli mwaka 1971.

Baadhi ya kadi za benki zina alama ya hologramu inayogeuka rangi ukiiinamisha. Mashine ya fotokopi haiwezi kuinakili.